Waridi Lililovuka Ukuta

Mimi kukaa siwezi. Dukani nauza vitenge nimesimama, chakula nakula nimesimama, na kanisani mahubiri yakirefuka miguu yangu huanza kucheza yenyewe. Kwa hiyo mama yangu aliponiletea kutoka Kilimanjaro pingili ya waridi la kutambaa, imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji, dada zangu walicheka sana. Walisema nitalichimbua kila siku kuangalia kama limeota mizizi. Nililichimbua mara mbili tu.

Nyumba yetu ni mojawapo ya zile za chini zilizobaki Kariakoo, upande wa karibu na Mnazi Mmoja, zimebanwa na maghorofa. Uani kuna tenki la maji, kamba za nguo na kipande cha udongo kisichozidi upana wa mlango. Nikalipanda hapo. Joto la Dar lilitaka kuliua. Maji ya kisima yana chumvi, majani yakapata madoa meusi, nikawa nakinga maji ya mvua kwenye ndoo na kuomba mbolea kwa wauza kuku wa sokoni. Watu waliziba pua nikipita na ule mfuko, na mimi wala sikujali. Matawi yalipokuwa marefu niliyalaza kwenye vipande vya nondo na kuyafunga kwa pindo za vitenge. Mama alishaniambia kwamba tawi likisimama wima linatoa ua moja kileleni, ukililaza linachanua njia nzima.

Likachanua mwaka wa pili, maua mekundu ya kuiva, na karibu yote ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, maana jua liliingia upande ule. Nilinuna wiki nzima.

Jirani alikuwa mama wa Kihindi, Mhindu, mjane, aliyeshonea watu nguo maisha yake yote ndani ya nyumba ile. Alinigongea akauliza kama anaweza kuchuma machache kila asubuhi kwa ajili ya sala zake. Nikamwambia achume tu. Halafu, kwa kuwa sipendi kushindwa hata kwa ukarimu, nikaanza kuchuma lile zuri kuliko yote ya upande wangu na kumpelekea kabla sijafungua duka. Nilikifunga kikonyo chake kwa kijitambaa cha kitenge, nikalinusa, nikampa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umelala lakini? Macho yako mekundu."

Mazungumzo yetu yalikuwa hayo, dakika mbili, mimi nimesimama mlangoni pake na mguu mmoja tayari umeshaanza safari ya dukani. Lakini asubuhi niliyozikosa dakika hizo, siku nzima niligombana na wateja.

Siku moja akaniambia nyumba yake imeuzwa, itabomolewa ijengwe ghorofa, naye anahamia Arusha kwa binti yake, sikukuu yao ya Diwali ikishapita. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili. Nilijifanya nimefurahi kwa ajili yake. Nikaapa moyoni kwamba hadi siku anaondoka hatakosa ua langu hata asubuhi moja.

Wiki hiyo hiyo akaniita ndani tusaidiane kusogeza kabati. Miaka yote ile nilikuwa sijavuka mlango. Nikaiona meza yake ya ibada, taa ndogo inawaka, na mbele ya miungu yake maua aliyochuma mwenyewe upande wake. Langu halikuwepo. Langu, na kitambaa chake cha kitenge, lilikuwa ndani ya glasi ya chai kando ya cherehani, na karibu yake la jana, limeshaanza kunyauka.

Sikuuliza. Nilisogeza kabati, nikaaga, nikatoka na hasira zimenipanda. Nilijua sababu, au nilijiona naijua. Jumapili kwetu tunapika kitimoto, na harufu ya nguruwe haijui ukuta. Kumbe mikono yangu ni najisi! Kumbe miaka yote ananipokelea ua kwa tabasamu, halafu analitupa kwenye glasi!

Jumapili, baada ya ibada, hata gauni la kanisani sijavua, nilichukua mkasi wa kukatia vitambaa nikapanda juu ya ndoo. Nikakata kila tawi lililovuka ukuta, na mengine ambayo hayakuvuka, yale manene ya zamani. Nikayavuta yote upande wangu. Mkasi ukaharibika, mikono ikavuja damu. Jioni nikampigia mama simu kama mtu anayeuliza habari za kawaida. Akasema, "Umekata ya zamani? Mwanangu, hilo linachanua kwenye matawi ya zamani. Sasa subiri hadi mwakani."

Kesho yake sauti ya jirani ikavuka ukuta. "Mama, waridi limepata nini? Limekauka lote?"

Ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Wadudu."

"Pole, jamani! Nitakuchemshia mwarobaini."

Akachemsha. Kila asubuhi, saa ileile niliyokuwa nampelekea ua, yeye ndiye aliyekuja mlangoni kwangu na jagi la maji machungu ya mwarobaini, amelifunika kwa sahani, anatembea taratibu yasimwagike. Nilipokea, nikashukuru, nikamwagia visiki. Nilianza kuamka mapema nimwahi mlangoni pake, nisimwone akilibeba. Nilipima kitambaa nikasahau nimefika yadi ya ngapi. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa naona haya, yote kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Diwali ilipofika alileta sahani ya vitamu pamoja na jagi. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini maua yangu hukuwa unampa Mungu? Kwa sababu ya kitimoto?"

Alinitazama kama hajaelewa, kisha akacheka mpaka akaegemea mlango. "Kitimoto? Wewe unanusa! Kila siku, hapa hapa, unalinusa kwanza ndiyo unanipa. Ua lililonuswa hatumpi Mungu. Hilo limeshakuwa la mtu." Akajifuta machozi ya kicheko kwa bega. "Basi, likawa langu. Nikaliweka pale ninaposhonea. Maua yote maisha yangu nampelekea Mungu. Yako ndiyo yalikuwa yangu mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia hawakuwa wadudu, ulikuwa mkasi. Nikamwambia siku gani na kwa nini, nikiongea haraka haraka nimalize kabla sijaogopa.

Hakucheka tena. Aliangalia jagi mkononi mwake. "Ungeniuliza tu," akasema. "Mlango upo hapa." Akaniachia sahani ya vitamu, akarudi kwake na jagi likiwa bado limejaa.

Alihama baada ya siku nne. Nilibeba masanduku yake mpaka kwenye gari, hata cherehani niliibeba mimi, na alinikumbatia kwa nguvu, akaniambia yameisha. Najua alimaanisha. Lakini sikuwa na ua la kumpa, na aliangalia kidogo mikono yangu kabla hajapanda gari. Huenda ni mimi tu niliyeliona hilo.

Nyumba yake walishaibomoa. Pale sasa ni shimo la msingi, wamelizungushia mabati, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye vitenge vyangu. Na waridi, mwaka huu, limechanua kuliko miaka yote. Asubuhi yalipofunguka ya kwanza nilichuma moja kabla ya kufungua duka, nikalifunga kitambaa, nikatoka nalo nje mbio mbio kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeshainua mkono kugonga ndipo nikaona ni bati.

Nikabaki nimesimama barabarani, mimi nisiyejua kusimama mahali pamoja. Wapita njia wakanikwepa, wabeba mizigo wakanipigia kelele nipishe. Dada mmoja akasogea, akaliangalia lile ua vizuri.

"Za asubuhi, mama. Hilo unaliuza bei gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaanza kulia.