Jina Alilobaki Nalo

Mimi shule niliishia darasa la nne, na kazi yangu ni kufundisha watu wazima kusema. Anayecheka acheke. Nyumba yangu ya Sombetini nimeijenga kwa kuuza ndizi na mitumba, tofali moja moja, na mume wangu alipopigwa na kiharusi akabaki kimya, nilimkalia hapo hapo kitandani mpaka akaweza kunitukana tena vizuri. Binti aliyekuwa akimtibu, mtaalamu wa tiba ya usemi, akaniambia, "Mama, njoo tufanye kazi wote." Yeye ana elimu, mimi nina Kimaa, Kimeru na Kichaga. Tukaanza kupanda milima pamoja.

Watu wanadhani kazi hii ni ya watoto wenye kigugumizi. Wapo, lakini wengi tunaowafuata vijijini ni wazee waliopooza upande mmoja. Ulimi upo, sauti ipo, akili ipo, ila maneno yameondoka. Mwingine anabakiwa na neno moja tu. Yupo bibi mmoja wa Usa River alibakiwa na "kesho". Ukimpa chai, kesho. Ukimwuliza anaumwa wapi, kesho. Tulicheka naye, na yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi. Binti alinifundisha kwamba neno linalobaki halichaguliwi na mgonjwa, linabaki tu, kama kijiko kimoja kinavyobaki nyumba ikiibiwa. Nami nikawa nawaambia watu hivyo hivyo, bila wasiwasi, mpaka tulipofika kwenye boma moja la Waarusha upande wa magharibi wa Meru.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulimsikia mzee tuliyemfuata kabla ya kumwona. Sauti nzito inaongea. Ikauliza, ikanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza jibu, ikacheka, ikakaripia, ikanyamaza tena. Nikamwambia binti, "Huyu mbona anaongea kuliko mimi? Tumekosea nyumba." Tulipokaribia ndipo nikasikia kwamba ni neno moja. Aliuliza kwa hilo, alicheka kwa hilo, alikaripia kwa hilo hilo. Lilikuwa jina la mtu.

Ndani tulimkuta mke wake, mama mzee mwembamba asiyepepesa macho, pamoja na mke wa mtoto wao, wajukuu, na mdogo wa yule mgonjwa, ambaye ni mzee wa kanisa. Wajukuu walituinamishia vichwa tuwaguse, ndiyo salamu yao kwa wakubwa. Nikaona jambo moja sikulipenda. Walituinamishia sisi wageni. Babu yao hawakumwinamishia. Walipita mbali na kitanda chake kana kwamba pale chini pana shimo.

"Mama, anasema nini?" binti akaniuliza.

"Anaita mtu."

"Nani?"

"Nitajuaje? Mtu wa hapa hapa."

Binti akafurahi. Njia yake ndiyo hiyo: neno lililobaki unalifanya mlango. Unamgongagonga mgonjwa mkono wake mzima polepole, neno linapanda na kushuka kama wimbo, watu wa nyumbani wanalisema pamoja naye, halafu unapenyeza la pili. "Waulize yuko wapi huyo anayemwita," akasema. "Aje akae hapa mbele yake. Na wote walitaje pamoja naye."

Nikatafsiri. Jina nikalitaja kwa sauti, maana mimi sijui kunong'ona. Nikasema aje, akae hapa.

Mke wa mtoto akabeba kichanga chake, akatoka. Wajukuu wakamfuata. Mama mzee akaweka kibuyu chini, akajitemea mate kidogo kifuani kama kinga, naye akatoka, hakugeuka. Hawakusukumana, walitoka tu kama watu wanaoondoka msibani. Tukabaki sisi wawili na mzee. Na mzee alikuwa anatabasamu. Tangu tuingie hakuwa ametabasamu. Alikuwa ameutazama mlango, amenyoosha shingo, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake ameshafika uani.

Yule mdogo wa mzee alinikuta nje kwenye miti ya kahawa.

"Mama, umemwita nani wewe?"

"Sijaita mtu. Nimeuliza."

"Umemwita. Ndani ya nyumba, mchana kweupe." Akashusha sauti. "Huyo ni kijana wao wa kwanza. Aliingia kwenye mashimo ya Mirerani kutafuta mawe ya thamani, udongo ukashuka. Hakutolewa."

"Poleni."

"Pole baadaye. Hapa kwetu aliyekufa jina lake halitajwi tena. Mtoto wa ndugu yetu aliyekuwa nalo tulimpa lingine. Shemeji yangu alikuwa akiitwa mama wa huyo, sasa anaitwa mama wa mtoto wa pili. Tulilifunga kabisa. Halafu kaka yangu anaanguka, anaamka, na analo mdomoni, hilo tu. Na wewe unakuja kutoka mjini unasema aje akae."

"Nimesema, ndiyo. Lakini hajaja."

"Umejuaje?"

Niligeuka nikautazama mlango wa nyumba.

Tulipopanda tena, mzee hakuwa kwenye nyumba kubwa. Walikuwa wamemhamishia kwenye nyumba ya zamani ya udongo karibu na zizi. Chakula walimwekea mlangoni, anayekileta anasukuma bakuli kwa fimbo na kuondoka. Mzee alijikokota kwa upande mmoja, akala kwa mkono wa kushoto, akiwa ameinama, peke yake. Tulimkuta amepaliwa. Macho yametoka, midomo inageuka rangi, mahindi ya loshoro, yale yaliyochanganywa na maziwa mgando, yamekwama kooni. Nilimwinamisha, nikampiga mgongoni mpaka yakatoka. Alipopata pumzi, cha kwanza alichosema ni lile jina, taratibu, kama mtu anayesema asante.

Binti akaniambia waziwazi, nami nikawaambia waziwazi: mtu huyu koo lake limelegea. Lazima aketi wima, ainamishe kidevu, apewe chakula laini kidogo kidogo, na awepo mtu anayemtazama kila anapomeza. Akila peke yake, chakula kitamwua.

Mama mzee alikuwa akikamua ng'ombe. Nilimsimamia kichwani.

"Mnamlisha kama paka mwizi."

"Kaa naye wewe."

"Mume ni wako."

Hakuacha kukamua. "Wewe maiti zako zote umezika? Unajua zilipo?"

"Najua."

"Basi nyamaza. Wangu sijui alipo. Mtu asiyezikwa akiitwa kila siku, asubuhi na jioni, na baba yake mwenyewe, atakosaje kuja? Na akija ataanza na nani? Hapa pana watoto."

"Mzee haiti mtu. Neno limebaki tu. Ni ugonjwa."

"Umemsikia anavyonyamaza?" akaniuliza. "Mtu mgonjwa anasema neno. Huyu anasema, ananyamaza, anasikiliza. Anamsikiliza nani?"

Binti akajaribu njia nyingine. Anajua kwamba nyimbo hukaa sehemu nyingine ya kichwa, na asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba. Akaniambia nimwanzishie wimbo wa kanisani, ule ambao kila mtu wa kule anaujua tangu Jumapili ya utoto. Nikaanzisha. Mzee akafumba macho, akaudaka, akauimba wote, beti kwa beti, maneno yote, hakuruka hata moja. Mdomo ule ule usioweza kusema "maji". Wimbo ulipokwisha binti akamwonyesha kikombe, "Sasa sema, maji," na mzee akakitazama kikombe kwa bidii yote, jasho likamtoka, akasema jina la mwanawe.

Tulidhani tumepata ushindi. Kumbe tulikuwa tumeharibu zaidi. Watu walikuwa wamesikia kutoka kwenye migomba. Yule mzee wa kanisa akatufuata mpaka njiani.

"Mmesikia wenyewe. Maneno anayo. Anayo yote. Basi kama anachagua hilo moja, si kwamba amelikusudia?"

Binti akaeleza habari za ubongo upande huu na upande ule, nami nikazitafsiri, na nilivyokuwa nikitafsiri nilijisikia kama muuza dawa wa stendi. Yule mzee alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa, daktari. Lakini usilale hapa."

Jioni ile ofisini kwetu Kimandolu binti alifungua simu kusikiliza sauti aliyoirekodi, ndivyo anavyopima maendeleo. Jina likajaa chumba. Likauliza, likangoja. Likabembeleza, likangoja. Kule kwenye kungoja, simu ilikuwa na mvumo mdogo tu, wa upepo labda. Yeye alikuwa anahesabu silabi. Mimi nilijikuta nausikiliza ule mvumo. Nikamwambia, "Zima hiyo."

"Mama, na wewe?"

"Zima, nimesema. Nimechoka."

Safari iliyofuata nilipanda peke yangu, binti alikuwa na wagonjwa Usa River. Dereva wa bodaboda, baba mzima mwenye watoto wake, alisimama chini ya boma akazima pikipiki. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe tunawasikia kengele tu. Na tukalisikia jina, linatoka ile nyumba ya zizini, likiuliza.

Safari hii likaitikiwa.

"Naam," kitu kikasema, ndani mle mle.

Dereva akanitazama. "Mama, mimi nakusubiria hapa."

"Hapa ni mbali na mlango."

"Ndiyo maana."

Nilikwenda. Sitasema sikuogopa, lakini miguu niliipeleka. Mlangoni nikalisikia tena jina na tena jibu, na jibu lilikuwa la kiume. Kwa Kimaa mwanamume na mwanamke hawaitiki sawa, kama sisi tulivyo na naam na abee. Nikasukuma mlango.

Alikuwa yule mama mzee. Amemketisha mumewe wima, amemwegemeza magunia mgongoni, amepakata bakuli la loshoro iliyosagwa laini. Mzee akaita. "Naam, baba," mkewe akasema kwa sauti ya chini ya kijana, akampa kijiko. Kidevu kikashuka, chakula kikapita.

"Inamisha zaidi kidogo," nikasema, maana sikujua niseme nini kingine.

Akainamisha. "Anaita mtu, na hakuna anayeitika," akaniambia bila kunitazama. "Nikafikiri, atakayeitika kwanza ndiye atakayekuwa huyo mtu. Basi bora niwe mimi kuliko mwingine. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi sina cha kuchukuliwa."

Mzee akaita tena, jina likapanda juu mwishoni.

"Hiyo ni chumvi," akasema mama, akaongeza chumvi. "Likishuka, ni mgongo. Akilikata katikati, anataka kugeuzwa. Kumbe alikuwa anaomba vitu, siku zote hizo."

Nilikaa nao mpaka bakuli likaisha. Hakupaliwa hata mara moja. Nikamsifu yule mama, na mimi kusifu si kawaida yangu. Alinisikiliza kama habari za mtu mwingine. Kisha akanieleza jinsi mambo yalivyo. Tangu aanze kuitikia, yeye naye ni wa nyumba hii ya zizini. Mke wa mwanawe hapokei tena chumvi mkononi mwake. Wajukuu hawamletei vichwa awaguse. Mabakuli sasa yanasukumwa mlangoni kwa fimbo, mawili mawili. Na hakuna anayemwita kwa jina lolote, si mama wa yule wa kwanza, si mama wa yule wa pili.

"Ukiondoka, niage," akasema. "Niite. Nijue kama nipo."

"Nikuite nani?"

Akanielekezea kwa kidevu mdomo wa mzee.

Nilisimama. Mimi nimewafundisha watu kutamka herufi moja baada ya nyingine, nimewashika mashavu, nimewafungua midomo kwa vidole hivi. Jina lile la mwanawe lilinikalia ulimini kama jiwe. Nikaliita.

"Naam," akaitika yule mama.

Na kabla hajafunga mdomo, mzee naye akaitika kutoka kitandani, wazi kabisa, kwa sauti nyepesi ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Naam."

Mama mzee akamgeukia mumewe polepole. Hakuonyesha furaha wala hofu. Alimfuta mdomo kwa ncha ya shuka.

Nilipofika kwa dereva alikuwa ameshawasha pikipiki. Tukashuka kimya mpaka lami, ndipo akauliza, "Mle ndani mlikuwa wangapi?"

"Endesha."

Nilimpigia binti simu nikamweleza. Alipiga kelele ya furaha mpaka nikaisogeza simu. "Mama! Ana neno la pili! Amelipata kwa kusikia kila siku. Ndivyo inavyofanya kazi. Mwambie mama aendelee hivyo hivyo, na wewe kila ukifika uwe unaita, wao waitike."

Nikasema sawa. Ni kazi, na inafanya kazi, mzee anakula na mtu na anamaliza bakuli. Ila nilimwuliza jambo moja. Nilimwuliza kama mtu akiitika jina lisilo lake siku baada ya siku, mwaka mzima, huwa anarudi kwenye lake.

Akasema hilo hawakufundishwa.

Wiki hii napanda tena.