Shorobo Juu ya Mkuyu

Nilipokuwa mtoto kijijini Magu, hakuna aliyeanza safari ikiwa ndege fulani ametua juu ya mkuyu wa uani kwetu. Hiyo ilikuwa amri ya bibi, mama yake baba. Ndege mwenyewe alipendeza: mwili wa buluu iliyokolea, uso wa njano, kishungi chekundu kichwani. Lakini akiruka, mabawa yalifunguka mekundu, na bibi alisema ile ni damu ya msafiri. Ukitoka akiwa pale, hutarudi. Subiri aondoke mwenyewe.

Mwaka mmoja mdogo wangu Kabula alishikwa na homa kali. Asubuhi mama alimbeba mgongoni ampeleke hospitali mjini. Bibi akasimama mlangoni.

"Mkamwana, humwoni yuko juu?"

"Mama, mtoto anawaka moto."

"Utakwenda akiondoka."

Baba alikuwa kazini Mwanza, na mkamwana wa kwetu hambishii mama mkwe. Mama akamfungua Kabula, akamlaza. Siwezi kumwita bibi mbaya. Alimkanda yule mtoto kwa maji bila kupumzika, naye alimpenda kuliko sisi wote.

Mimi niliambiwa niutazame mti. Ndege alirukaruka tawi hadi tawi akimeza kuyu nzimanzima, na jioni akalala humohumo. Kesho yake walikuja wenzake.

Kabula alifariki ndege wakiwa bado juu. Matanga yalipoisha, mti ulikuwa kimya.

"Mmeona?" bibi alisema. "Walimfuata yeye."

Tuliamini sote. Sikulia siku ile, na sijalia hadi leo. Nikipagusa mahali pale moyoni, ni ganzi tu.

Sasa naishi Buhongwa na mama. Juzi nilimwona ndege kama yule karibu na ziwa, Nyegezi, nikamuuliza kijana mmoja anayesomea wanyama. Akacheka kidogo: huyo ni shorobo, chakula chake matunda. Mkuyu ukiiva hahami mpaka kuyu ziishe.

Kumbe onyo la bibi lilitimia kwa sababu tulilitii. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akichambua mchele.

"Kwa hiyo alikuwa anakula tu?"

"Alikuwa anakula tu, mama."

Nilidhani mmoja wetu atalia. Mama alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa, akaendelea.

"Mwaka ule," akasema, "mkuyu ulizaa sana."