Miezi Minne kwa Shangazi

Baba alipostaafu, mimi na mwenzangu tulimleta Kibaoni akae nasi. Tuliamini kumtunza mzee ni kumlisha vizuri, na vizuri kwetu ilikuwa wali mweupe wa mashineni mchana na jioni, nyama ya ng'ombe yenye mafuta, na chai ambayo sukari yake ilibaki chini ya kikombe. Miaka ile ya tisini wafugaji walikuwa wamehamia bondeni kwetu na mifugo mingi, nyama haikuwa adimu. Baba akanenepa. Majirani wakatusifu.

Kisha akaanza kunywa maji kama mtu aliyeshinda juani, na kidonda cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Hospitalini wakasema ni kisukari, wakampa vidonge na orodha ya makatazo. Vidonge alimeza. Orodha aliipuuza.

Dada yake akaja kumwona kutoka kijiji cha kando ya mto, mbele ya Mngeta. Alimzidi baba miaka minane, lakini kutoka stendi alitembea kwa miguu, kapu la samaki wakavu kichwani. Alimkuta baba anahema kwa kutoka chumbani tu.

"Mdogo wangu, umezeeka kunishinda," akasema. "Kesho tunaondoka wote."

"Dada, huko kuna nini cha kula?"

"Ninachokula mimi."

Nilimfungia vidonge vyake, wakaondoka. Miezi minne baadaye, shule tuliyokuwa tunafundisha ilipofungwa kwa likizo, nikawafuata. Shambani nilimwona mwanamume amenipa mgongo, anapalilia kunde. Nikamwamkia, "Shikamoo," nikidhani ni jirani. Akageuka. Alikuwa baba.

Pale tulikula wali mwekundu wa kutwanga kinuni, kidogo tu, na bakuli kubwa la mlenda, na perege wa kuchemsha. Chai ilikuwa ya mchaichai, bila sukari. Baba alininong'oneza kwamba wiki ya kwanza alilia.

Asubuhi moja shangazi alitupeleka mtoni. Shamba lake lilikoma mbali na maji, kisha matete yakasimama kama ukuta. Majirani walikuwa wamelima hadi ukingoni. Kwao maji yalikuwa tope tupu. Nikamuuliza kwa nini ameacha ardhi nzuri namna ile.

"Nikifyeka hapa samaki atazalia wapi? Na mimi nitakula nini?"

Akayatenga matete kwa mikono, akaniambia niiname. Kwenye maji yale, meusi lakini safi, vilijaa vitoto vya samaki visivyohesabika, vikigeuka vyote kwa pamoja. Kando yangu baba alikuwa amechuchumaa, yeye ambaye Kibaoni hakuweza kujifunga kamba za viatu. Chakula kilichomrudishia mwili wake kilikuwa kinazaliwa pale machoni pangu, kwa sababu mwanamke mzee aliyaacha majani yasimame. Nilibaki nimeinama mpaka shangazi akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Tuliporudi, daktari wa ile hospitali alimpima baba sukari mara mbili, kama asiyeamini.

"Mzee, ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu."

Daktari akamtazama tena, akapunguza vidonge. Kidonda kilikuwa kimebaki kovu.

Nyumbani kwetu Kibaoni baba alikaa siku mbili. Ya tatu akaanza kukunja mashati na kuyatia begini. Nikamkumbusha kwamba kule zahanati iko mbali.

"Najua," akasema, akaendelea kukunja.

Aliishi kule hadi alipomzika dada yake, na hata baada ya hapo hakurudi kwetu.