Kura ya Kingo Mbili

Siku ya kura ya daraja naikumbuka, mwanangu, mpaka tope lake. Masika ya Kyela unayajua, hayabishi hodi. Mto ulifurika, na wenzetu wa ng'ambo, kijiji chetu hichohicho, wakakwama ukingoni kule, wakashindwa kuvuka kuja mkutanoni. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi upande huu. Mama yangu mzazi alibaki kule.

Mwenyekiti akasema wilaya itatoa saruji, ila kwanza mkutano ukubali kila nyumba ichange mawe, mchanga na nguvu. Kanuni ilitaka wanaokubali wazidi nusu ya watu wazima wa kijiji kizima.

"Tuliopo tunatosha," akasema. "Nani hapendi daraja? Nyoosheni!"

Wa kwanza kunyoosha ni mimi. Bibi mmoja Mkisi, muuza vyungu, akanivuta kiwiko.

"Shusha mkono, mwali. Wa ng'ambo wamekutuma?"

"Lakini bibi, daraja si lao pia?"

"Ndiyo waulizwe. Asiyeulizwa habebi jiwe."

Mwenyekiti akafoka, "Saruji ikienda kijiji kingine, bibi, utatujengea kwa vyungu vyako?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi hata hakutabasamu. "Vyungu vyangu havivuji, mwenyekiti. Kura yako ndiyo inavuja."

Akajifunga kanga, akashika njia ya mtoni. Tukamfuata, mwisho hata mwenyekiti. Pale ukingoni akapaza sauti, akawaeleza wa ng'ambo kila kitu, mzigo wote bila kuficha. Wakanong'onezana kidogo. Halafu mikono ikapanda kule, ikapanda huku, na katikati maji yananguruma. Mkono wa mama yangu niliuona. Tukahesabu kingo zote mbili. Nusu tukaipita mbali.

Maji yalipopungua tukaenda kuanza kazi, kumbe wenzetu wamesharundika mawe yao.

"Nyie wa huko, bado mnakula?" wakatuchokoza.

Daraja hilo ndilo unalopita na pikipiki yako, wala hushuki. Najivunia, sifichi.

Basi sikia. Leo kijiji kikitaka zahanati au kisima, usiseme "wote wanataka" kabla hujawauliza. Shughuli ni watu. Kanuni ya nusu si ya kukuchelewesha, ni ya kukupatia wabebaji. Na mkutano ukiitwa, nenda. Usilale nyumbani kisha ukalalamika barabarani.

Kyala, Mungu wetu, akukuze, mwanangu. Neno lako liwe na uzito kwenu, na mji wako usipungukiwe wali wala watu. Ndaga, asante kwa kunisikiliza.