Faneli Iliyokwenda Ziwani

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa mafuta. Nilikabidhiwa tambara. Bwana Stoo wa bohari ya Iringa, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, alinionyesha mapipa ya dizeli yaliyosimama uani, mvua ya usiku imetuama juu ya vifuniko, akaniamuru nifute maji yote kabla sijagusa kitu kingine. Nikafuta. Nilikuwa kijana wa Kihehe mwenye nguvu zangu, nimevaa kaptula mpya, nikaona kazi ya tambara ni dharau tupu.

"Umekasirika?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Umekasirika. Haya, nisikilize. Pipa linapumua. Mchana jua likilipiga, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku baridi hii ya kwenu ikishuka, linavuta pumzi, na kama juu ya kizibo pana maji, linayanywa. Wewe unaona umefuta maji, kumbe umeokoa injini ya mtu."

Hicho ndicho kilikuwa chuo changu. Nyinyi vijana wa leo mnafika kituoni, mnasema "jaza," mnaondoka. Miaka ile ya hamsini dizeli ilipanda Iringa ndani ya mapipa, juu ya malori, njia nzima vumbi, na kila pipa lilifika na tabia yake. Bwana Stoo alinifundisha kuyalaza juu ya magogo, chini ya paa, vizibo viwili vikae usawa mmoja kulia na kushoto, ili mafuta yavifunike kwa ndani na hewa ikose mlango. Alinifundisha kuliacha pipa litulie tangu jana yake kabla ya kulifungua, maana maji na uchafu hukaa chini. Tulichota kidogo katika chupa nyeupe tukaishika juani. Dizeli safi inaonyesha kidole chako upande wa pili, na iliyoingia maji ina ukungu. Tena alinikataza kabisa kuiweka katika chombo kilichopakwa zinki, ile rangi ya mabati mapya, kwa sababu dizeli huitafuna zinki, ikatoka takataka ya kuziba vichujio.

"Mafuta hayana haraka," alikuwa akisema. "Haraka ni yako."

Nilipohamishiwa Chimala, ambako kampuni yetu ya malori ilikuwa na kituo cha kujazia njiani, mzee yule alinipa faneli yake mwenyewe ya kumiminia mafuta. Ilikuwa ya bati zito, na shingoni ina wavu wa shaba uliofumwa kwa ufundi hata chembe ya vumbi haipiti. Sikuwahi kupewa kitu kizuri kama kile. Niliitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu, si stoo.

Chimala ndiko alikonikuta Mbano, Mngoni kutoka Songea, ameletwa awe msaidizi wangu. Asubuhi ile ile ya kwanza alisimama mlangoni akanisalimu kwa Kihehe, sauti juu, "Kamwene, mla mbwa!"

"Karibu, mla panya," nikamjibu, na madereva wote wakacheka.

Babu zetu walipigana vita, Wahehe na Wangoni, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuchukua kitu chako akaenda nacho, na ukimdai unaonekana mjinga. Hata siku ya kuzikwa kwako anaweza kulala mdomoni mwa kaburi akakataa usizikwe mpaka alipwe. Sheria ya utani ni moja tu, kwamba hukasiriki. Sheria hiyo ndiyo iliyonishinda mimi maisha yangu yote.

Nilimfundisha Mbano yote niliyofundishwa. Alijifunza huku anacheka, akiuliza maswali ya kipuuzi, na sikudhani linaingia hata neno moja. Nilichokiona ni kwamba madereva walianza kumwita yeye. "Mngoni yuko wapi?" wanauliza, na mimi nimesimama pale pale na funguo mkononi. Kabla ya mavuno ya mpunga akaoa binti wa Kisangu ambaye mama yake aliuza mchele sokoni. Binti mwenyewe sikumtaka. Nilitaka kupendwa vile bila kuhangaika. Wivu ulianza kunikaa hapo, na sikuuonyesha mlango wa kutokea.

Baadaye tukahamishiwa Mbeya wote wawili, kwenye bohari kubwa, chini ya Bwana Injinia, Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo. Siku moja akatuita. Kampuni, alisema, imenunua mashua ya tanga ya kuchukua mchele wa Kyela na kuusambaza bandari za Ziwa Nyasa, na ndani yake kumefungwa injini ya dizeli, kwa ajili ya siku upepo unapokufa au unapokuja kwa hasira.

"Mimi nataka mtu moja," akasema. "Yeye atakaa na injini. Yeye atachunga mafuta. Nyinyi wawili, kila mtu chagua pipa, halafu sema kwa nini."

Nataka mjue nilivyoitamani kazi ile. Miaka yote nililinda mafuta ya injini za watu. Mpishi asiyeonja, ndiye mimi. Lori likinguruma likapanda mlima, sauti ile ni ya dereva, mimi nimebaki na harufu. Huko ziwani ningekuwa na injini ya kuamsha kwa mkono wangu mwenyewe. Tena ziwa lenyewe sikuwa nimeliona, nimelisikia tu kwa Wanyakyusa pale bohari wakilisifia.

Nikaenda kwenye mapipa. Nililichagua moja lililofika karibuni, limelala vizuri, halina kutu, vizibo vikavu. Nikapaka dawa ya kutafutia maji kwenye kijiti, ile inayobadilika rangi ikigusa maji, nikakichovya hadi chini, kikatoka hakijabadilika. Nikachota chupani, kidole kikaonekana. Nikamweleza Bwana Injinia kila kitu kwa mpangilio, bila kukwama, na nikaona anatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyoni nilikwisha kufungasha nguo.

Zamu ya Mbano. Akazunguka, akarudi, akaweka mkono juu ya pipa lile lile langu.

"Hili la Mhehe," akasema. "Huyu ndiye mwalimu wangu, kwenye mafuta hakosei. Lakini, Bwana, pipa zima nani atalipandisha kwenye mashua? Na tukilipandisha, tukalitumia mpaka nusu, mawimbi yatalikoroga. Maji na uchafu wa chini vitapanda juu. Lori likizima, dereva anashuka anakaa kivulini. Ziwani atashukia wapi? Mimi ningeyahamishia kwenye madebe yasiyo na zinki, kila debe lijae mpaka shingoni, hewa isipate pa kukaa. Nafungua moja, namaliza moja. Na tangi la injini nalijaza kila tukifika, si kila tukiondoka, ili lisilale na nafasi tupu ya kutokwa jasho la maji usiku."

Ala! Jasho la tangi nilimfundisha mimi. Hewa nilimfundisha mimi. Kila tofali la maneno yale lilitoka kwenye tanuri langu, yeye kajenga tu nyumba akahamia. Bwana Injinia akamtazama, akacheka kidogo, akasema, "Wewe. Wewe utakwenda ziwani."

Nilimpa mkono wa pongezi. Mkono ulikuwa wa baridi, naye akaukamata akautikisa kama mtu anayepiga pampu. "Usinune, mla mbwa," akasema. "Utakuja kunitembelea."

Asubuhi aliyoondoka nilirudi chumbani kwangu nikakuta msumari uko, faneli haipo. Nilikimbia mpaka barabarani, lori limekwisha kushika njia ya Tukuyu. Nilipiga kelele pale kama mwehu. Watu waliponiuliza kulikoni nikawaambia, na wao wakaangua kicheko. Mtani wako kachukua, sasa unalia nini?

Kwa dereva wa kwanza aliyeshuka huko nikatuma maneno kwamba Mngoni arudishe faneli yangu. Jibu likapanda na lori lile lile: "Mwambie mla mbwa aje aichukue mwenyewe."

Sikwenda. Wakati ule niliapa siendi, na Mhehe akiapa mnajua wenyewe.

Basi kazi yangu ikawa, ndugu zangu, kumchagulia mafuta. Ndiyo, mimi! Madebe ya ziwani yalitoka mkononi mwangu. Na nitawaambia jambo msiloweza kulidhani. Sikuwahi kumpelekea mafuta mabaya. Nilimpelekea mazuri kuliko yote, kwa wivu ule ule. Sikutaka asimame popote aseme dizeli ya Mhehe ndiyo iliyomwangusha. Niliacha pipa litulie kuliko ilivyo kanuni. Sikuchota ya chini kabisa. Nilisuuza debe kwa dizeli, nikamwaga, nikasuuza tena, ndipo nikajaza mpaka shingoni. Madereva wa malori walilalamika kwamba nawapa wao makombo, na walisema kweli.

Matokeo yake ni nini? Injini yake haikuzima. Msimu mmoja mwera, upepo mkali wa kusini, uliwakuta karibu na milima ile inayoingia majini, ukapasua tanga vipande viwili. Mbano akaamsha injini, ikashika mara moja, ikanguruma mpaka bandarini na mchele wote na watu wote. Dereva aliyetuletea habari alisimulia pale bohari huku anaigiza mawimbi kwa mikono. "Mngoni yule ni mwanaume!" akasema. "Wamemchinjia mbuzi."

"Na mafuta?" nikauliza.

"Mafuta gani?"

Nikatoka nje nikaenda kufuta vifuniko vya mapipa, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

Bwana Injinia alirudi kwao. Wakaja wakubwa wengine, wa ngozi yetu, mmoja mkali, mmoja mpole, nami nikapanda hadi nikaitwa Bwana Stoo mwenyewe. Nilifundisha vijana wengi. Niliwapa tambara siku ya kwanza, nao walinuna kama nilivyonuna mimi. Kila mmoja alipoonyesha akili nyingi nilimtazama mara mbili, nikijiuliza kama naye ni Mbano. Hatimaye nilistaafu nikarudi Iringa, nikasikia Mbano naye amestaafu, amejenga Chimala kwa wakweze. Kutoka kwangu hadi kwake ni safari ya basi moja tu. Sikwenda hata hapo.

Nilikwenda alipofariki. Mtani hana ruhusa ya kukosa.

Walipofikisha jeneza nikajitupa mdomoni mwa kaburi. "Hazikwi!" nikapiga kelele. "Mwizi huyu! Kaninyang'anya mashua! Kaninyang'anya ziwa! Kila alichokijua nilimfundisha mimi, na mbuzi kala yeye! Dizeli iliyomwokoa kwenye mwera ilikuwa yangu, na hakuna aliyenitaja! Kapendwa na watu bila jasho, mimi nimetoka jasho na sikupendwa! Hazikwi mpaka anilipe!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walisema hawajapata kuona mtani hodari namna ile, eti anatoa mpaka machozi. Nikaendelea, nikasema yote, hadi ya kuoa kwake Chimala na madereva na msumari mtupu, na kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyocheka.

Mjane peke yake hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa katika kanga, akakiweka mikononi mwangu. "Mtani," akasema, "pokea malipo yako, utuachie mtu wetu."

Nilijua kwa uzito kabla sijafungua. Nikaondoka kaburini, wakamzika.

Jioni, watu walipopungua, mama yule alikuja kukaa karibu nami. "Hakuichukua kwa ubaya, shemeji," akaniambia. "Alisema, 'Mhehe nikimwalika hatakuja, ana kiburi. Lakini nikimchukulia faneli atakuja kwa hasira, nami nitampandisha kwenye mashua aamshe injini mwenyewe.' Kila lori lilipofika kule alikuwa anatoka kutazama kama umo. Kuna siku alikuwa na homa, akanituma mimi nitazame."

Niliigeuza ile faneli mkononi. Wavu wa shaba ulikuwa mzima, haujatoboka mahali, umesuguliwa unang'aa kuliko siku zote nilizokaa nao mimi. Mtu aliyeshika kitu cha mwenzake miaka yote hiyo akakitunza vile!

Sasa imo ukutani kwangu Iringa, juu ya kitanda, kwenye msumari. Vijana wakija kuniuliza habari za dizeli nawaambia waweke mapipa kivulini, wajaze tangi wanapofika, wasichote ya chini. Wakiniuliza ziwa likoje, nawaambia wakamuulize Mngoni. Na bado, Mungu anisamehe, namwonea wivu, maana yeye, kila lori lilipofika, alikuwa na mtu wa kumngojea.