Kifuniko Kimoja Nyumbani kwa Wakwe

Mimi nimejijenga mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini leo ukifika mtaa wa Mahabibo, hapa Mahajanga, Madagaska, ukauliza duka la mabati, utaletwa kwangu. Sijisifu, nasema kilichopo.

Kitu kimoja tu kilinishinda: ramu. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa Nosy Be nikipakia magunia ya sukari, mawili kwa mpigo, na kila jioni nalewa. Siku moja mke wangu, Msakalava wa kisiwani huko, alinikuta nimemlalia binti yetu mchanga. Alimvuta chini yangu akiwa ameshabadilika rangi. Mtoto alipona. Tukahamia huku Mahajanga, nami sikuonja tena.

Ikapita miaka kumi na moja. Baba mkwe akajenga nyumba mpya kulekule Nosy Be, nami nikatoa bati zote za paa. Kwao, kabla watu hawajanywa, chupa ya ramu hufunguliwa na kifuniko kimoja humwagwa pembe ya kaskazini mashariki, fungu la wazee waliotangulia. Kisha aliyefungua hunywa kifuniko cha pili, ndipo chupa izunguke. Siku ya kuizindua nyumba, heshima ya kufungua wakanipa mimi, mwenye paa. Ningeweza kukataa mapema. Lakini nilipenda kutajwa mbele za watu, nikaitikia.

Nikafungua, nikamwaga cha wazee. Nikajaza cha pili, mkono ukasimama.

"Bwana Mabati!" akaita shemeji yangu, kwa Kimalagasi. "Paa zima umeliweza, kifuniko kinakushinda?"

Wakacheka. Mke wangu alikuwa mlangoni, hakucheka.

Nikajiambia: miaka kumi na moja, mwanamume kama mimi, kifuniko kitanifanya nini? Labda kisingenifanya kitu. Ila macho yangu yalikuwa yameshaondoka kwenye kifuniko, yako kwenye chupa, yanapima itabaki kiasi gani ikishazunguka, na ya pili imewekwa wapi. Sikuyatuma. Hapo nikajua kwamba mimi si wa kifuniko kimoja, na sitakuwa.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, nisaidie. Mimi siwezi."

Neno hilo sikuwahi kulisema mbele ya watu.

"Lete," akasema. "Meno yameisha, koo bado ninalo." Akakinywa kifuniko, akaichukua chupa mkononi mwangu, akampa shemeji. "Mwenye paa ameshakunywa. Zungusheni."

Nikatoka nje. Mke wangu akanifuata.

"Umelowa jasho."

"Joto la bati."

"Bati si umeleta mwenyewe?" Akanipa kanga yake nijifute.

Nilichoka kuliko siku yoyote ya magunia. Wakati wa kurudi, kwenye boti, kidole gumba kilikuwa bado kinanuka ramu. Nikakiosha kwa maji ya bahari. Baadaye nikajikuta nakinusa. Nikakiosha tena.