Jina la Zamani Lililoitika Kitangari

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mikorosho ya Kitangari, na mashine ya Stamili Ashiru imeshaamka. Sindano inapanda na kushuka juu ya shati jeupe, ikidarizi jina la mtoto atakayetoka jandoni Jumamosi.

"Usiniulize ni nani. Jina jipya halitangazwi kabla ya siku yake," anasema, akilifunika shati kwa kanga.

Mjane huyu wa miaka 54 hudarizi mashati thelathini kwa siku. Kwa mkono, akijikaza sana, hayazidi manne.

Juni mwaka jana nusura kazi imponyoke. Nurdin, fundi kompyuta wa Newala, alimwekea toleo jipya la mfumo wa kompyuta inayoiongoza mashine, kwa nia njema kabisa, bila kuhifadhi lile la awali. Mashine ikawa bubu. Mashati 46 yalikuwa yanasubiri, na siku zilizobaki ni tisa.

"Nilidhani imekufa. Nililia, sikufichi."

Haikuwa imekufa. Programu ya kudarizi huiendesha mashine kupitia mfumo huo, nayo huuita mfumo kwa amri za zamani. Watengenezaji wa mfumo walikuwa wamezifuta na kuweka nyingine. Aliyeandika programu hiyo ameshafariki.

Nurdin, roho ikimsuta, akawaandikia watengenezaji huko ng'ambo. Wakajibu kwa upole kwamba kila amri ya zamani ni mlango wa kulindwa, na milango ikizidi mwizi hakosi pa kupita.

"Wana haki," Stamili anakiri. "Lakini nilimwambia Nurdin, mwanangu, waandikie hivi. Kwetu mtoto akitoka jandoni, jina la utotoni linaachwa, kulitaja ni kumvunjia heshima. Ila bibi kizee aliyesahau akimwita kwa jina lile, mtoto mwenye adabu haangalii pembeni. Anaitika, kisha anafanya kazi kwa jina lake jipya."

Nurdin aliyatuma maneno hayo yalivyo. Siku mbili kabla ya sherehe, rekebisho likafika: amri za zamani zitaitika, na kuipeleka kazi kwenye zile mpya. Muda wake ni miaka mitatu.

"Watu wasionijua hata kwa sura," anasema, machozi yakimlengalenga. "Wangeweza kunipuuza. Nawaombea kila swala."

Miaka mitatu si mingi, naye anajua. Binti yake, Wema, anasomea kompyuta chuoni Masasi na anamaliza mwakani. Kazi yake ya kwanza imeshapangwa: kuiandika upya programu ya mama yake, ijue kuita kwa amri mpya.

Kutoka uani inasikika sauti ya mama mzazi wa Stamili, mwenye miaka 83, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Anamwita bintiye kwa jina la kabla ya unyago, jina ambalo tumeombwa tusiliandike.

Stamili anasimamisha mashine.

"Abee, mama," anaitika, na kuinuka.